Wosia wa Mtu wa Nchi Mbili

Huku kwetu Mwimbi watu hawapendi kunena habari ya wosia. Mtu akilitaja neno hilo mbele ya wazee, humtazama kana kwamba amejichimbia kaburi, nao humwuliza, "Je, umeota ndoto mbaya?" Mimi nami nalikuwa hivyo hivyo muda wa miaka mingi, ingawa kazi yangu ni kuwafundisha watoto kusoma na kuandika. Lakini mambo yaliyotupata baada ya kufa kwake baba yetu yalinifundisha, tena kwa gharama kubwa. Kwa hiyo nimeona yafaa niyaandike hapa, ili wengine wayajue kabla hayajawafika.

Kwanza sina budi kueleza mahali petu. Mwimbi iko katika Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa, wilaya iliyokatwa kutoka Sumbawanga mwaka 2012. Ni nchi ya juu, yenye upepo, na baridi ya mwezi wa Juni huwafanya watoto waje shuleni wamejikunyata. Watu wake hulima mahindi, ulezi na maharagwe, tena hufuga ng'ombe. Mpaka wa Zambia hauko mbali nasi. Mpaka huo hatukuuweka sisi. Waingereza na Wajeremani waliagana juu yake tarehe 1 Julai 1890, wakauanza penye mlango wa mto Kalambo katika Ziwa Tanganyika, wakauvuta kwenda upande wa Ziwa Nyasa. Wamambwe na Walungu, ambao hawakuulizwa neno, wakajikuta wamegawanyika pande mbili. Hata leo mtu wa kwetu aweza kuwa na shangazi katika mji wa Mbala, ule ulioitwa zamani Abercorn, na mjomba Matai, naye asione kwamba ana jamaa katika nchi mbili. Yeye huona ukoo mmoja tu. Lakini sheria haioni hivyo.

Tena iko habari ya shaba. Tangu miaka ya 1920 na 1930 migodi ya kaskazini ya Zambia ilipofunguliwa, vijana wengi wa Ufipa na Umambwe walikwenda Kitwe, Mufulira na Luanshya kutafuta fedha ya kodi na ya mahari. Wengine walirudi baada ya mwaka mmoja au miwili. Wengine walikaa mpaka nywele zikawa nyeupe. Baba yangu alikuwa mmoja wa hao wa pili.

Aliondoka Mwimbi mwaka 1957, akiwa kijana. Akarudi kumwoa mama yetu, akajenga nyumba, akanunua ng'ombe, kisha akaenda tena. Akawa mtu wa kuja na kwenda. Kila alipokuja alituletea mablanketi na sukari, naye alisema, "Mimi ni mtu wa Mwimbi, kule nimekwenda kutafuta tu." Baadaye tukasikia kwamba ameoa mke wa pili huko Kitwe, tena amezaa naye binti. Mama yetu hakulia mbele yetu, wala hakumtukana yule mwenzake. Alisema tu, "Mtoto ni mtoto." Katika miaka ya 1990, migodi ile iliyokuwa mali ya serikali ya Zambia ilipoanza kuuzwa kwa makampuni, nyumba za wafanyakazi ziliuzwa kwa wale waliokuwa wakikaa ndani yake. Baba akainunua ya kwake. Basi akawa na nyumba na fedha za benki Kitwe, na nyumba, mashamba mawili na ng'ombe kumi na wanne Mwimbi. Alikuwa na wake wawili na watoto pande mbili, lakini wosia hakuwa nao.

Alikufa mwaka 2010 huko Kitwe. Mimi na baba mdogo tulivuka mpaka penye kituo cha Kasesya, tukapita Mbala, Kasama, Mpika, Kapiri Mposhi na Ndola. Na tulipofika tulimkuta amekwisha zikwa. Dada yangu wa Kitwe, ambaye nalimwona mara ya kwanza siku ile, alitupokea kwa heshima, akatupikia, akatuonyesha kaburi. Tulilia pamoja. Nalidhani mambo yatakuwa mepesi.

Tuliporudi nyumbani, ukoo ukakusanyika kama ilivyo desturi. Baba mdogo akachaguliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Katika muhtasari wa kikao tukaandika, "mali zote za marehemu, popote zilipo." Tukaenda mahakama ya mwanzo, tangazo likabandikwa, siku zake zikapita, na baba mdogo akapewa hati. Hakuna aliyekumbuka kumwita yule dada katika kikao, wala kumwandikia barua. Mimi ndimi nilioandika muhtasari ule kwa mkono wangu, tena jina lake nalilijua. Neno hili nalikiri hapa.

Baba mdogo akaichukua hati ile mpaka Kitwe ili aiuze nyumba. Karani wa mahakama ya kule akaisoma mara mbili, akamrudishia, akamwambia, "Mzee, karatasi yako ni njema, lakini mhuri wake unaishia mpakani." Baba mdogo akarudi na hasira nyingi, akidhani amefanyiwa hila. Haikuwa hila. Hati ya mirathi iliyotolewa katika nchi moja haina nguvu katika nchi nyingine mpaka mahakama ya huko iikubali. Ziko sheria, tulizoachiwa tangu enzi ya Waingereza, zinazoiruhusu Mahakama Kuu ya nchi moja kuipiga mhuri hati iliyotoka katika mahakama ya nchi nyingine, nayo ikafanya kazi. Na kama sivyo, hufunguliwa shauri jipya kule iliko mali. Kwa vyovyote, mtu hawezi kuuchukua mhuri wa wilaya yake akaenda kufungua mlango wa nyumba ya ng'ambo.

Ndipo tulipokwenda kwa wakili mmoja mzee, naye akatuuliza swali ambalo hatukulitazamia. Hakuuliza mali ni kiasi gani. Alisema, "Je, marehemu alikuwa mtu wa wapi?"

Baba mdogo akajibu upesi, "Wa Mwimbi." Wakili akasema, "Aliishi wapi miaka hamsini?" Tukanyamaza.

Akatueleza hivi. Ardhi na nyumba hufuata sheria ya mahali zilipo. Lakini fedha, ng'ombe, vyombo na vitu vyote vinavyochukulika hufuata sheria ya nchi ile iliyokuwa maskani ya daima ya marehemu, yaani mahali alipokusudia kukaa mpaka mwisho wa maisha yake. Na mahakama haimjui mtu moyoni. Hutafuta ushahidi wa maneno na matendo yake.

Msidhani swali hilo ni la wasomi tu. Kule Zambia iko sheria ya mwaka 1989 ya watu wanaokufa bila wosia. Iliwekwa kwa sababu jamaa za marehemu walikuwa wakimwendea mjane na kumnyang'anya hata sufuria. Kwa sheria hiyo watoto hupewa nusu ya mali, mjane sehemu ishirini katika mia, wazazi wa marehemu ishirini, na wale waliokuwa wakimtegemea kumi. Wajane wakiwa zaidi ya mmoja, hugawana ile ishirini yao kwa kadiri ya miaka ya ndoa ya kila mmoja. Lakini sheria hiyo ni kwa yule tu ambaye maskani yake ya daima yalikuwa Zambia alipokufa. Huku kwetu, kanuni za mirathi ya kimila zilizoandikwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zilimtanguliza mwana wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa, zikawaweka mabinti nyuma ya wote, na mjane zikamwachia kutunzwa na watoto wake. Kanuni hizo zimelaumiwa na wengi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia haki za wanawake iliitaka Tanzania izibadili, baada ya wajane wawili kupeleka malalamiko yao.

Basi mnaona. Baba akiwa mtu wa Mwimbi, dada yangu na mama yake wangeweza kukaribia kutoka mikono mitupu. Akiwa mtu wa Kitwe, wangepata fungu kubwa, na sisi tungepungukiwa. Kila upande ukaanza kumvuta maiti kwake. Sisi tulisema, "Alijenga hapa, aliacha ng'ombe hapa, kila mara alisema yeye ni wa hapa." Wao walisema, "Alizeeka hapa, akaugulia hapa, akatuambia tumzike hapa." Na yote mawili yalikuwa kweli. Baba alikuwa na neno moja kwa Mwimbi na neno jingine kwa Kitwe, wala hakuna aliyemwuliza lipi ni la mwisho.

Ugomvi huo ulidumu miaka mitatu. Ng'ombe kumi na wanne wakawa sita, maana kila nauli na kila ada ilitolewa zizini. Shamba la mtoni likalala bila kulimwa, kwa kuwa kila aliyetaka kulilima aliambiwa anajitwalia urithi. Wahenga walisema, ndugu wakigombana, shika jembe ukalime; wakipatana, shika kapu ukavune. Kwetu jembe lenyewe lilisahauliwa.

Jambo moja lililotuchomea moyo zaidi lilikuwa fedha za benki. Mwaka ule baba alipokufa, dada alituambia kwa uaminifu kwamba katika kitabu cha benki mna kwacha milioni nne. Mwaka 2013 baba mdogo akapata habari kwamba mna elfu nne. Akapiga kelele kijiji kizima, akimwita yule binti mwizi, akasema damu ya ng'ambo si damu. Nami, mwalimu, nalimwamini. Kumbe tarehe 1 Januari 2013 serikali ya Zambia ilikata sifuri tatu katika fedha yake, hata kwacha elfu moja za zamani zikawa kwacha moja mpya. Milioni nne zilikuwa zimegeuka elfu nne bila mtu kugusa senti. Mfanya biashara mmoja anayevusha maharagwe ndiye aliyetueleza, huku akicheka. Sisi hatukucheka. Nalimwandikia dada barua ya kumwomba radhi, nayo ndiyo barua yangu ya kwanza kwake tangu matanga.

Hakujibu kwa barua. Alikuja mwenyewe, mwezi wa Agosti, baada ya mavuno. Alishuka garini akiwa na mfuko mdogo, akaenda moja kwa moja kwa mama yangu, akapiga magoti. Jioni, tulipokwisha kula, akatoa daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Lilikuwa daftari la baba. Ndani yake mlikuwa na hesabu za mbolea, majina ya watu waliomdai na aliowadai, na katika ukurasa wa mwisho, kwa penseli, mistari michache ambayo naikumbuka neno kwa neno: "Ngombe wa Mwimbi ni wa mama yao wa kule. Nyumba ya Kitwe akae mama wa huku mpaka afe, kisha watoto wote. Shamba la mtoni binti yangu wa huku apewe eka moja, apate mahali pa kurudi."

Baba mdogo akaishika karatasi karibu na taa, akaitazama muda mrefu. Mwisho akasema, "Ni yeye. Maisha yake yote aliandika ngombe hivi." Akaweka daftari chini akatoka nje.

Nikamwuliza dada, "Kwa nini hukutuonyesha tangu mwanzo?" Akanijibu, "Kaka, mngesema nimeliandika mimi." Sikuwa na jibu, maana ndivyo tungalisema.

Tulipompelekea yule wakili daftari lile, alilisoma akatikisa kichwa. Halikuwa wosia. Halikuwa na tarehe, wala sahihi, wala shahidi hata mmoja. Hata penseli yenyewe ilikuwa kosa, kwa kuwa kanuni zetu za kimila zataka wosia uandikwe kwa wino usiofutika au upigwe chapa. Zataka uwe na tarehe, uonyeshe kwamba mwenye kuuandika ana akili timamu na anafanya kwa hiari yake, tena autie sahihi. Akijua kusoma na kuandika, zataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua hutia alama ya dole gumba mbele ya mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa mdomo nao huhitaji mashahidi wanne, na mke aliyeko nyumbani awepo. Mtu ambaye maisha yake yameiacha njia ya mila aweza kuhukumiwa kwa sheria ya zamani iliyotoka India, ya mwaka 1865, nayo pia yataka mashahidi wawili. Na sheria ya Zambia ya wosia, ya mwaka 1989, yataka maandishi, sahihi, na mashahidi wawili.

Tazameni jinsi mambo hayo yalivyo machache. Baba alijua kuandika. Kalamu ya wino ilikuwa dukani. Jirani wa kushuhudia walikuwa wanakuja kila jioni kuongea naye. Kazi ya nusu saa ndiyo iliyopungua, nasi tukailipa kwa miaka mitatu na ng'ombe wanane.

Daftari halikutufaa mahakamani, lakini lilitufaa nyumbani. Maana tulipokwisha kujua alichotaka baba, hakuna aliyekuwa na uso wa kukipinga. Tukapatana wote mbele ya wazee, tukaandika mapatano kwa wino. Mahakama ya kule ikamteua dada kuwa msimamizi wa mali ya kule, na baba mdogo akabaki msimamizi wa mali ya huku. Mama wa Kitwe akakaa katika nyumba yake. Baada yake nyumba ni ya watoto wote, kila mmoja na fungu lake. Ng'ombe sita waliosalia wakawa wa mama yetu.

Eka moja ya mtoni ndiyo iliyotushinda. Dada amezaliwa Kitwe, naye ni raia wa Zambia. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zilipotungwa zilisema asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hati ya kimila ya ardhi ya kijiji ni ya raia. Katika miaka ya karibuni Bunge limeanza kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, na mwenye jambo la namna hii na aulize ofisi ya ardhi sheria ilivyo siku hiyo. Lakini wakati ule tuliona njia moja tu: eka ile ikaandikwa kwa jina langu, nami kila mwaka humpelekea dada thamani ya mavuno yake. Baba alitaka apate mahali pa kurudi. Sheria haikumpa mahali. Sisi tumejaribu kumpa sababu ya kurudi.

Baada ya mambo hayo nalisema moyoni, "Na wewe je?" Maana mimi nami, bila kujua, nimekuwa mtu wa nchi mbili. Nina nyumba na mashamba hapa Mwimbi. Nina fungu katika nyumba ya Kitwe. Nina mafao ya ualimu, na fedha kidogo katika simu. Tena binti yangu mkubwa ameolewa Lusaka, amechukua uraia wa huko. Zambia tangu mwaka 2016 humruhusu mtu kuwa raia wa nchi mbili, lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima awe na uraia mwingine. Kwa hiyo binti niliyemzaa hapa, aliyekulia kando ya zizi la babu yake, kwa sheria ni mgeni katika shamba langu.

Basi usiku mmoja nikaketi kuandika. Nikaandika, "Mali yangu ni hii," nikaorodhesha yote. Asubuhi nikamsomea mke wangu, nikitazamia anisifu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole, "Na shamba la bondeni, tulilonunua kwa fedha ya maharagwe niliyoyalima mimi, nalo ni lako peke yako?" Nikaona haya. Mtu hawezi kuusia kisichokuwa chake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huiangalia mali iliyopatikana kwa jitihada ya wote wawili, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni jitihada. Nikaichana karatasi ile, tukaandika mpya sisi wawili, tukitenganisha changu, chake na chetu.

Sasa nitawaeleza tulivyofanya. Si kwamba mimi ni mwanasheria. Nataka tu mwenye hali kama yangu ajue pa kuanzia.

Kwanza tuliandika orodha ya mali, nchi kwa nchi: kila kitu kiko wapi, kwa jina la nani, na karatasi yake imewekwa wapi. Mali bila daftari huisha bila habari, na mali ya ng'ambo huisha upesi zaidi, maana aliyeko mbali hajui hata mlango wa kubisha. Pili tuliandika majina ya watu wetu wote, wa huku na wa kule, bila kumficha yeyote. Tatu niliweka msimamizi mmoja wa mali ya Tanzania na mwingine wa mali ya Zambia, watu wanaojuana. Nne, kwa ajili ya binti wa Lusaka, sikumwandikia ardhi ya kijiji ambayo ingemletea mashaka. Nalimwandikia fungu langu la Kitwe, na nduguze nikawaandikia mashamba. Tano, mashahidi wetu walikuwa wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mwalimu mwenzangu, wote wakinitazama nikitia sahihi, wala hakuna hata mmoja wao aliyepewa kitu ndani yake. Maana shahidi mwenye fungu hutiliwa shaka, na mahali pengine hulipoteza fungu lenyewe. Sita, nalikwenda kuyatazama majina niliyoandikisha katika mfuko wa mafao, nikakuta bado mna jina la mama yangu, aliyekwisha kufa. Nikalibadili.

Wakili alinionya pia juu ya tego moja. Wengine huandika wosia mmoja kwa kila nchi, na hilo ni jambo jema. Lakini mara nyingi wosia huanza kwa kusema, "Nafuta wosia zote za kwanza." Mtu akiuandika wa Zambia baada ya wa Tanzania na kuyaweka maneno hayo, huenda ameua wa kwanza bila kukusudia. Sharti kila mmoja uutaje mwenzake, useme wazi kwamba huu ni wa mali ya nchi hii tu.

Wala haya si ya watu wa mpakani peke yetu. Wenzetu wa pwani wenye nyumba Unguja na jamaa Oman wanayajua sana, tena kwao Waislamu wosia hauzidi theluthi ya mali, na yanayosalia hugawanywa kwa mafungu yaliyokwisha wekwa. Walioko Ulaya nao wana njia yao: tangu tarehe 17 Agosti 2015, katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya mtu anayekaa huko aweza kuandika katika wosia wake kwamba sheria ya nchi ya uraia wake ndiyo itakayotumika katika mirathi yake. Asipoandika, kwa kawaida hutumika sheria ya mahali alipokuwa akiishi. Hapo pia mnaona lile swali la wakili wetu: mtu huyu alikuwa wa wapi? Asiyelijibu mwenyewe huwaachia wengine walijibu, nao hujibu kila mmoja kwa faida yake.

Tulipokwisha, nakala moja tuliipeleka kuwekwa katika Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao huandika na kutunza wosia za watu. Nyingine iko kwa wakili. Kisha nikawakusanya watoto waliopo, na wa Lusaka pamoja na dada wa Kitwe wakasikiliza kwa simu, nikawasomea wote kwa sauti. Wengine waliinama. Mdogo wao alilia, akisema, "Baba, mbona unatuaga?" Nikamwambia siwaagi, naweka tu mambo mahali pake, kama tunavyoweka mbegu kabla mvua haijaja.

Dada alikuwa kimya muda wote. Mwisho akauliza, "Kaka, umeandika wewe ni mtu wa wapi?"

Nikarudi juu ya karatasi, nikamsomea mstari wa kwanza: "Mimi ni mtu wa Mwimbi. Maskani yangu ya daima ni hapa, na hapa nizikwe. Ninaye dada huko Kitwe, binti wa baba yangu. Naye aitwe katika kila kikao cha ukoo huu."

Nikasikia anashusha pumzi. Kisha akauliza habari za mvua, kama imeanza.

Basi, wasomaji, hayo ndiyo niliyotaka kuwaambia. Mwenye jamaa ng'ambo asingoje mpaka augue. Anunue kalamu ya wino, awaite mashahidi wawili, ajibu swali lile kabla halijaulizwa.